Babu Hakuwa Mliaji

Faraji alilisoma neno mara mbili, kisha akacheka peke yake kabla hajawaambia wengine kilichomchekesha.

Ilikuwa Juni mwaka 1997, ndani ya ukumbi wa shamba la chai la Kwemzindu, mwendo wa saa moja kwa mguu kutoka Bulwa. Serikali ilikuwa imeliuza shamba kwa kampuni, na kampuni ilitaka kupanda chai mpaka ukingoni mwa kijito, mahali penye nyumba kumi na mbili za Bondeni. Kamati ya uhakiki ilikuwa imeweka sharti moja. Familia ambayo mzee wake alipewa nyumba kwa sababu ya cheo cha kazi ingebaki. Familia ambayo mzee wake alikuwa kibarua tu ingeondoka kabla ya mvua za vuli. Ushahidi ni daftari la zamani la wafanyakazi, lililoandikwa na meneja Mskoti aliyeitwa Makrei, ambaye aliendesha shamba tangu baada ya Vita Kuu ya Pili hadi lilipotaifishwa.

Faraji ndiye aliyekuwa karani wa kamati. Alikuwa kijana wa mjini Tanga, amevaa tai, na kamusi yake ndogo ya Kiingereza ilikuwa mezani karibu na mkono.

"Nyumba namba moja," alisema. "Mbaraka Shemzigwa. Kazi yake imeandikwa *grieve*. Nimetazama kamusi. Maana yake ni kuhuzunika. Kulia, kuomboleza." Akainua macho. "Kwa hiyo huyu mzee kazi yake ilikuwa kulia kwenye misiba. Sidhani kama hicho ni cheo."

Watu wakacheka. Hata baadhi ya watu wa Bondeni walicheka, maana hofu ikizidi mtu hucheka lolote.

Saumu, mjukuu wa Mbaraka, hakucheka. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na mitatu, amechuma chai kwa miaka ishirini na mbili, vidole vyake vyeusi kwa utomvu wa majani. Akasimama.

"Kaka, nisomee herufi za hilo neno."

"Za nini, mama?"

"Nisomee."

Faraji akazisoma. Saumu akaomba kalamu kwa jirani, akaziandika kiganjani mwake, moja moja, kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Babu yangu alifariki nikiwa na miaka kumi," alisema. "Sikuwahi kumwona akilia, hata siku alipomzika mke wake. Ninyi mnatuhamisha kwa neno msilolijua. Nitalijua mimi."

Mwenyekiti wa kamati, mama mmoja mtaratibu kutoka wilayani aliyeitwa Halima, akampa siku ishirini na moja. Faraji akanong'ona kwamba hata angepewa mwaka asingelijua. Saumu alimsikia.

Kesho yake alfajiri hakwenda kuchuma. Alikwenda ofisini, akakaa kwenye benchi la nje akisema amekuja kuliona daftari. Faraji alimwambia daftari ni mali ya kampuni. Saumu akamwambia jina la babu yake si mali ya kampuni, akaendelea kukaa. Saa nne Halima alipofika na kumkuta pale, akaagiza afunguliwe.

Lilikuwa daftari kubwa lenye jalada la ngozi, limeliwa na mende pembeni. Lilikuwa na safu nne: jina, kabila, kazi, namba ya nyumba. Mwandiko wa Makrei ulilala upande kama majani yaliyopigwa na upepo. Kiingereza cha Saumu kilikuwa cha shule ya msingi, lakini hakuhitaji kukisoma. Alikinakili. Alichora kila neno la kazi lililoandikwa mbele ya jina la mtu wa Bondeni, na alipomaliza akagundua kwamba nyumba zote kumi na mbili zilikuwa na maneno matatu tu. Watano waliitwa *dyker*. Sita waliitwa *orraman*. Mmoja tu, babu yake, aliitwa *grieve*.

Jioni alimpelekea Valentino karatasi ile. Valentino alikuwa fundi wa mitambo ya kiwandani, na baba yake, Mngoni kutoka Songea, alikuwa mmoja wa wale watano.

"Faraji anasema hili la baba ni mchimba mitaro," Valentino alisema. "Kamusi yake haina neno lenyewe, lakini ina linalofanana nalo."

"Baba yako alichimba mtaro?"

Valentino akafikiri. "Hapana. Jembe hakulipenda. Baba alikuwa mtu wa mawe." Akanyanyuka ghafla. "Njoo nikuonyeshe."

Wakapanda mpaka juu ya kitalu cha miche. Pale palikuwa na ukuta ambao Saumu alikuwa ameupita maelfu ya mara bila kuutazama, wa mawe yaliyopangwa bila saruji wala udongo, kila jiwe limekaa juu ya mengine mawili, umefuata mteremko kwa hatua zaidi ya mia mbili. Ukuta ulikuwa umesimama miaka arobaini na mitano, na hakuna jiwe lililokuwa limeanguka.

"Alinifundisha kidogo," alisema Valentino. "Alisema Bwana Makrei mwenyewe alivua koti akawaonyesha, akasema kwao wanajenga hivi. Walikuwa watu watano."

"Watano," Saumu akarudia. "Na wenye neno hili ni watano."

Akashusha pumzi. Alikuwa amepata njia. Neno lisilokuwa kwenye kamusi angelitafuta kwenye mikono ya wale walioitwa kwalo.

Kwa siku nne alizunguka nyumba za wale sita wengine. Pendo, jirani yake wa nyumba namba saba, alimweleza habari za baba mkwe wake, Yusuph. Mzee huyo Jumatatu alibeba kuni, Jumanne aliziba paa la ghala, Jumatano alisaidia ng'ombe kuzaa, na akifa mtu alichimba kaburi. Kwenye nyumba nyingine tano maelezo yalikuwa yale yale. Wote sita walikuwa watu wa kazi yoyote itakayotokea. Saumu akaandika hivyo mbele ya *orraman*.

Likabaki la babu. Hapo hakuwa na mwenzake wa kumlinganisha naye. Akarudi kwenye benchi la ofisi, safari hii Faraji akamfungulia bila ubishi, na Saumu akapekua kurasa za nyuma akitafuta neno lile tu. Akalipata. Mwaka 1948 lilikuwa mbele ya jina la Mzungu. Mwaka 1950, la Mzungu mwingine. Kuanzia 1952 hadi 1963 lilikuwa mbele ya jina la Mbaraka Shemzigwa. Hapakuwahi kuwa na wawili kwa wakati mmoja.

"Kaka Faraji," alisema. "Kuna shamba gani linaloajiri Mzungu awe mliaji wa misiba?"

Faraji alitazama ukurasa muda mrefu. "Leta ushahidi," alisema, lakini safari hii hakucheka.

Aliyeweza kuutoa alikuwa bibi mmoja tu. Imelda aliwalea watoto wa Makrei mpaka Wazungu wale walipoondoka, naye akarudi kwao Soni. Saumu aliuza mkungu wa ndizi na iliki aliyokuwa ameianika, akapanda lori la chai mpaka Muheza, basi mpaka Mombo, kisha gari jingine likampandisha milimani hadi Soni. Alimkuta bibi amekaa kwenye kiti kidogo mbele ya duka la binti yake, amezungukwa na kabichi na karoti, anamenya njegere.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Onga mshi," bibi akamsalimia kwa Kishambaa. "Wewe ni wa kwa nani?"

"Wa kwa Mbaraka, Kwemzindu."

Mikono ya bibi ikasimama. Saumu alipomwonyesha karatasi alisema macho yake hayasomi, basi Saumu akalitamka, kwa namna alivyolisikia kwa Faraji.

"Griivu," bibi akarekebisha mara moja, akikaza sauti kama mwanaume. "Griivu! Bwana Makrei aliliita kila asubuhi kutoka barazani. Babu yako alikuja na funguo zote kiunoni. Ya ghala, ya kiwanda, ya stoo ya dawa. Bwana akisafiri, shamba lote liko mkononi mwake. Sisi tulimwita mnyapara mkuu, lakini bwana alisema kwao jina lake ni hilo."

Saumu aliona machozi yanamjia, akayazuia kwa hasira. Baba yake alikuwa amemwambia hivyo hivyo maisha yake yote, lakini hakuwa na ushahidi, na watu walidhani anajikweza.

"Hongea, bibi. Hongea sana."

"Usishukuru bado," bibi alisema. Akaweka bakuli la njegere chini. "Umekuja kutafuta kazi ya babu yako. Unataka nikupe nusu au yote?"

"Yote."

"Kulikuwa na mtu anaitwa Yusuph. Mwanawe alikufa kwa surua, naye akakaa matanga siku tatu bila kufika kazini. Bwana Makrei hakujua, alikuwa Tanga. Babu yako ndiye aliyekwenda. Aliung'oa mlango wa nyumba ya Yusuph na bawaba zake, akaupeleka ghalani. Akasema utarudi Yusuph akimaliza kufidia siku zake. Ulikuwa mwezi wa masika. Yule mama aliyefiwa alilala na watoto waliobaki kwenye nyumba isiyo na mlango miezi miwili, mvua inaingia mpaka kitandani." Akamtazama Saumu. "Hiyo nayo ilikuwa kazi yake. Alijua kuifanya vizuri."

Binti wa bibi alileta chai, Saumu akashika kikombe bila kunywa. Yusuph alikuwa baba mkwe wa Pendo. Nyumba namba saba. Mlango ule aliugonga kila siku akiomba chumvi au moto.

"Naweza kukuacha na hiyo nusu ya kwanza," bibi alisema polepole. "Wengine hawatajua."

"Mimi ninajua," Saumu alijibu.

Bibi akatikisa kichwa kwa namna ya kuridhika, kisha akamwelekeza Lushoto, kwa mwalimu mstaafu aliyeitwa Sefania, kwa sababu maneno ya mlezi wa watoto hayatoshi mbele ya kamati. Mwalimu Sefania aliishi chini ya boma, kwenye nyumba yenye maua ya hidrenji. Alimpokea amevaa sweta mbili. Alikuwa na kamusi ya Kiingereza nzito kama tofali, ambayo padri mmoja alimwachia, na aliifungua juu ya magoti kwa heshima.

"Neno hili ni kama watu wawili waliofanana sura," alisema akipitisha kidole. "Huyu wa kwanza ndiye huzuni. Na huyu hapa chini… soma mwenyewe, wameandika Uskoti. Msimamizi wa shamba. Hawana undugu kabisa, mama. Karani wenu aliishia kwa yule wa kwanza."

Akatafuta na mengine. Mjenzi wa kuta za mawe yasiyo na saruji. Mtu wa kazi zozote shambani. Saumu alitoa karatasi yake, na mwalimu akasoma maelezo aliyokuwa ameyaandika siku kumi zilizopita kwa kuwauliza watu.

"Nani alikutafsiria haya?"

"Ukuta," Saumu alisema. "Na Pendo."

Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akaandika barua ya kurasa mbili, akaitia sahihi, akakataa hata ndizi alizokuwa amebakiwa nazo Saumu.

Alipofika Bondeni hakwenda kwake. Aligonga namba saba. Pendo alifungua, mikono ina unga. Saumu akamwambia hapo hapo mlangoni, kabla ujasiri haujamwishia: mtoto wa surua, siku tatu, bawaba, mvua.

Pendo akajifuta mikono kwa khanga.

"Tunajua," alisema. "Mama mkwe alitusimulia kabla hajafa. Alimtaja babu yako kwa jina."

"Miaka yote hii mnajua? Na mnanikopesha chumvi?"

"Ulitaka tukunyime chumvi kwa mlango wa mwaka hamsini na sita?" Pendo akaushika mlango. "Sitakudanganya. Zipo siku nilikutazama nikaukumbuka. Lakini siku ile ukumbini uliposimama, ulisimamia neno la babu yako, halafu ukaja kuuliza na la baba mkwe wangu. Hakuna mtu aliyewahi kuuliza Yusuph alikuwa nani. Ingia, ugali uko mekoni."

Siku ya ishirini na moja ukumbi ulijaa. Saumu aliweka barua mezani. Halima aliisoma yote kimya, kisha akaisoma kwa sauti, akimwangalia Faraji alipofika mahali penye watu wawili waliofanana sura. Faraji alitazama kamusi yake ndogo kama imemsaliti.

"Kamati imeridhika," Halima alisema. "Mbaraka Shemzigwa alikuwa msimamizi wa shamba. Ni cheo, tena kikubwa. Nyumba namba moja itabaki. Mama Saumu, njoo utie sahihi."

Makofi yakapigwa. Saumu hakunyanyuka.

"Na hizo nyingine kumi na moja?"

Halima akasita. "Barua hii hii inasema walikuwa wajenzi wa kuta na watu wa kazi zozote. Hao ni vibarua. Umetusaidia kuwa na uhakika."

Saumu akahisi Valentino nyuma yake amebana pumzi. Kwa wiki tatu alikuwa ametembea nyumba hadi nyumba akikusanya maneno ya watu, na sasa maneno yale yale yalikuwa yanawafukuza.

Alitembea mpaka mezani. Faraji akamsogezea kalamu. Saumu akaisukuma kando, akalivuta daftari la Makrei, akalifungua, akaligeuza kuelekea kwa mwenyekiti.

"Mama mwenyekiti, safu ya tatu ni kazi. Ya nne ni nini?"

"Namba ya nyumba."

"Isome yote, kuanzia hapa."

"Moja… mbili… tatu…" Halima aliendelea mpaka kumi na mbili.

"Mkono mmoja, wino mmoja, siku moja. Aliyempa babu yangu namba moja ndiye aliyempa Yusuph namba saba. Hakuandika kwamba hii ni ya cheo na ile ni ya kuazima. Cheo mmekileta ninyi." Sauti yake ilikuwa imeanza kupanda, akaiacha ipande. "Babu yangu alikuwa griivu. Nilitaka mlijue neno, mmelijua. Sasa niwaambie kazi yenyewe. Alikuwa na funguo zote, na aliwahi kung'oa mlango wa mtu aliyefiwa na mtoto. Leo mnanipa mimi funguo na mnataka nikae namba moja nitazame milango ya jirani zangu iking'olewa. Sitii sahihi. Kama hawa ni vibarua, niandikeni na mimi kibarua. Na hakuna atakayehama."

"Mama, unajiponza," Faraji alisema kwa sauti ya chini, na kwa mara ya kwanza hakuwa anamdharau. Alikuwa anamwogopea.

"Ninajua ninachofanya, kaka."

Akatoka. Pendo akamfuata, na Valentino, na nyuma yao watu wa Bondeni wote, na baada yao, jambo ambalo hakuna aliyelipanga, wachumaji kutoka kambi za juu ambao hawakuwa na nyumba yoyote ya kugombania.

Kampuni ilileta lori la kuhamisha vyombo Jumatatu ya kwanza ya Oktoba. Lilikuta barabara ya Bondeni imejaa wanawake waliokaa chini na vikapu vya chai migongoni, vitupu. Dereva alipiga honi, akazima injini, akashuka kuomba maji ya kunywa. Alipewa. Siku hiyo hakuna jani lililofika kiwandani, wala Jumanne, wala Jumatano. Mvua zilikuwa zimewahi na chai ilikuwa inachipua kwa kasi. Jani lisilochumwa kwa wakati hukomaa, na likikomaa halifai. Meneja mpya alikuja mwenyewe Alhamisi. Alimuuliza Saumu anataka nini. Saumu alimjibu kwamba hawataki kitu chochote ambacho hawana tayari.

Ijumaa walikuja polisi wawili kutoka Muheza. Walimchukua Saumu na Valentino, wakakaa nao kituoni siku mbili kwa kosa la kuzuia njia, wakawaachia bila kuwafikisha mahakamani baada ya Halima kupiga simu. Waliporudi, wanawake walikuwa bado wamekaa, wakiimba kwa Kishambaa, na vigelegele vilivyowapokea vilisikika mpaka Bulwa.

Kampuni ilikubali juma la pili. Wapimaji walikuja mwezi Januari wakahamisha mawe ya mpaka, na nyumba kumi na mbili pamoja na mashamba yake ya iliki zikabaki nje ya shamba, chini ya serikali ya kijiji. Halima aliandika kwenye ripoti yake kwamba daftari la zamani lilithibitisha makazi. Faraji aliomba uhamisho, lakini kabla hajaondoka alimpigia Saumu chapa nakala ya ukurasa ule wa majina, akaandika kwa Kiswahili mbele ya kila mmoja kazi aliyofanya. Mbele ya Yusuph hakuandika kibarua.

Saumu hakuajiriwa tena. Kampuni iliwarudisha wachumaji wote kasoro yeye, na barua ilisema nafasi zimejaa. Alipoisoma alikwenda mpaka mlango wa ofisi, akasimama pale mbele ya meneja, akaikunja vizuri, akasema, "Ahsante. Miaka ishirini na mbili inatosha kuinama." Akarudi zake.

Siku hizi huuza iliki na ndizi katika gulio la Bulwa. Wanafunzi humwendea wakitaka awasimulie wazee wao walifanya kazi gani, kwa sababu habari zilienea kwamba anajua kusoma maneno ambayo kamusi haiyajui. Huwa hawapi jibu. Huwauliza nyumba yao iko wapi, nani aliijenga, nani alilala ndani yake na nani alilazimika kulala nje, kisha huwatuma kwa majirani.